Bigili ya Bi Mwanakheir

Mpima ardhi alitupa muda mpaka alasiri ya Jumamosi. Alisema mbele ya watu, barazani kwa sheha kule Chwaka, kwamba karatasi zake hazionyeshi njia yoyote kutoka Jozani mpaka pwani ile. Kama ipo, aliyewahi kuipita aje aipite tena. Na aje na chombo cha magurudumu, maana kwa miguu hata kenge hupita. Akifika kabla ya sala ya alasiri, njia itaandikwa. Asipofika, ramani inafungwa na kipande kizima cha maweni kinahesabiwa kuwa ardhi tupu. Hakuna aliyeuliza ardhi tupu hupewa nani. Kila mtu alikuwa ameshayaona mawe ya mipaka yaliyopakwa rangi nyekundu.

Mimi nilikuwapo. Nilisimama nikataka kusema, naye akainua kalamu yake kama anayezuia gari.

"Mzee Mbarouk," akaniambia, "leo maneno hapana. Jumamosi njoo na baskeli, ndiyo useme."

Nikakaa. Kungoja nimekuzoea. Njia ile nimeisemea miaka kumi na miwili, tangu siku ile walipokuja watu wenye viatu vipya wakatuambia kuwa hapo pana mwekezaji na kila mtu atapata kazi. Nakumbuka waliosimama upande upi wa baraza. Nakumbuka nani alipiga makofi kwanza, na mwaka uliofuata alikuwa na paa jipya la bati. Barua nimeandika nne, kwa mkono wangu, na zote zilipokelewa kwa muhuri, na zote zimekaa pale zilipokaa.

Baba yangu alikuwa mchuuzi wa samaki. Babu alivuka kutoka bara kuja kuchuma karafuu, akabakia, akatuzaa sisi wa Mpendae, mjini. Lakini baba hakupenda shamba. Alipenda baskeli. Alikuwa akichukua samaki Chwaka, anajaza tenga mbili, moja kila upande wa karia, anakata maweni mpaka vijiji vya kusini kabla samaki hawajalegea macho. Walikuwa wachuuzi kumi na wawili, na mpaka leo naweza kuwataja wote kwa majina na kwa aina ya baskeli. Ilipokuja lami na magari yenye barafu, njia ikaachwa. Kuachwa, nilikuwa nikisema kila mahali, si kufutwa.

Basi Jumamosi ile tulitoka Mpendae baada ya alfajiri, watu watatu. Mahfoudh ni fundi baskeli, jirani yangu, mtu ambaye ukimuuliza habari za nyumbani anaweza kukujibu kwa nyusi. Nassra ni dada yake mdogo, muuguzi, na maneno aliyonyimwa kaka yake kapewa yeye. Ni mwaka wa nane sasa tunatoka pamoja kila tukipata Jumamosi. Mtaani wanatuita Timu ya Presha, kwa sababu mimi na Mahfoudh tulianza kwa kuamrishwa na daktari, na Nassra alianza ili ahakikishe hatudanganyi.

Ulikuwa wakati wa kipupwe, na asubuhi ilikuwa na baridi ya kumfanya mtu avute mikono ya shati. Tuliikwepa barabara kubwa. Tulipita nyuma ya Fuoni kwa vijia vya mashambani, tukipishana na watu wanaokwenda mjini na mafungu ya mchicha, tukiamkia na kuamkiwa mpaka midomo ikachoka. Baada ya Tunguu kijia kilijaa majani mabichi ya kuni zilizokatwa jana yake, na magurudumu yakawa yanapita bila sauti. Nassra alikuwa mbele, suruali chini ya gauni, mtandio kaufunga nyuma ya shingo. Alikuwa akinisimanga mfululizo. Alitaka kujua hotuba yangu ina kurasa ngapi, na kama mpima atapewa japo nafasi ya kupumua. Nikamwambia haina kurasa, iko kichwani. Akasema hiyo ndiyo mbaya zaidi, ya kurasa ina mwisho.

Sikukasirika. Juu ya baskeli huwa sikasiriki. Sijui kwa nini. Labda hasira inataka mtu aliyekaa. Bungi tulisimama tukanywa chai ya rangi kwa mkate wa mofa, Mahfoudh akazunguka baskeli zote tatu akiminya tairi kwa kidole gumba, akaridhika, akaingiza mkono mfukoni. Tulikuwa na wakati wa kutosha. Jua lilikuwa jepesi. Ningeweza kusema nilikuwa na furaha, ila neno hilo silitumii ovyo.

Jozani tulifika saa nne. Wageni walikuwa wameinua simu zao kuelekea juu, na kima punju, mikia inaning'inia, wanakula majani bila kuwajali. Tahir, anayewatembeza wageni pale, ni mtu tunayejuana naye siku nyingi. Alitutoa kwenye geti la nyuma na kutuonyesha mahali mdomo wa njia ulipo, maana kichaka kilikuwa kimeufunika kama pazia.

"Kuna ukuta mbele siku hizi," alituambia.

Nassra akaanza kuuliza ukuta gani, wa nani. Mimi nilikuwa nimeshapanda baskeli. Sikuwa na haja ya kuuliza. Nilijua.

Anayeyajua maweni hahitaji kuelezwa, na asiyeyajua nitamwambia hivi: ni mawe matupu yaliyochongoka kama meno, udongo uko mashimoni tu, viganja viwili hapa, vitatu pale. Baskeli huendeshi, unaibembeleza. Unapanda hatua mia, unashuka, unaibeba begani, unapanda tena. Lakini njia ilikuwapo. Mawe ya katikati yalikuwa yamelainika kwa kupitwa, na mahali pengine palikuwa na mfereji mdogo, upana wa tairi, uliochimbwa na miaka ya matenga mazito. Nilimwonyesha Mahfoudh. Akachuchumaa, akaupitisha kidole, akatikisa kichwa taratibu. Kwake hiyo ni hotuba.

Pancha ya kwanza ilikuwa yangu, ya pili ya Nassra, ya tatu yangu tena. Mahfoudh alibandika viraka kivulini, sisi tukala tende. Hakukuwa na sauti isipokuwa njiwa, na mbali sana, upande wa ghuba, mtu akipasua kitu. Saa saba kasoro tulikuwa tumemaliza theluthi mbili ya njia. Tukienda hivyo hivyo tungefika Chwaka saa nane u nusu, tukakoga, tukamngoja mpima tukiwa safi.

Mahfoudh alikuwa amebaki nyuma kidogo na pancha ya nne, yake mwenyewe, mimi nilipouona ukuta.

Ulikuwa umekata njia kabisa, mkono wa kulia mpaka wa kushoto, kimo cha kiuno, umepandwa matawi ya miba juu yake. Mawe meupe, mapya. Miaka kumi na miwili ikanipanda kichwani kwa mara moja. Niliilaza baskeli chini nikaanza kuyang'oa. Nilitoa miba kwa mikono, nikasukuma mawe ya juu, nikavuta ya kati, yakaporomoka kwa mlio mtamu ambao nakiri niliufurahia. Nassra alinifikia akaniambia ningoje, niutazame kwanza. Nilimjibu kuwa nimeshautazama miaka kumi na miwili. Akasema, kaka Mbarouk, huu mbona hauna saruji. Nilimsikia. Nataka nieleweke hapa: nilimsikia vizuri, na nikaendelea. Nilikuwa nimefungua pengo la hatua nne, baskeli tatu zingepita sambamba, niliposikia mtu anakohoa upande wa pili.

Alikuwa mwanamke mkubwa, wa miaka sabini na kitu, kanga kiunoni, jembe la mkono mmoja begani. Nyuma yake mihogo ilikuwa imesimama mistari isiyonyooka, kila mmoja shimoni kwake, na choroko katikati.

"Hodi hupigwa kwa mdomo," alisema. "Wewe unaipiga kwa mawe."

Nikamwamkia shikamoo.

"Marahaba. Endelea basi, naona hujamaliza."

Hakuna kitu kibaya kama kusemwa na mtu asiyepandisha sauti. Jina lake Bi Mwanakheir. Ule haukuwa ukuta wa mwekezaji. Ilikuwa bigili, ukuta wa mawe wanaozungushia konde zao watu wa maweni ili nguruwe mwitu wasiingie. Aliijenga peke yake, jiwe kwa jiwe, viangazi viwili. Konde ya kwanza nguruwe waliimaliza kwa usiku mmoja, hawakumwachia hata mbegu. Mtoto yeyote wa Charawe au Ukongoroni, vijiji vya jirani, angeijua bigili kutoka mbali: mawe makavu, miba juu, mpindo pale penye jiwe kubwa lisilohamishika. Mimi mtoto wa Mpendae, ninayeisemea ardhi ile kwenye kila baraza, sikuijua.

Nilimweleza tulichokijia. Alisikiliza akitazama pengo, si mimi. Nikamwambia kwamba tukishamaliza Chwaka nitarudi kesho asubuhi na watu, tuijenge yote, tuijenge hata zaidi ya ilivyokuwa.

"Nguruwe hangoji kesho," alisema. "Jua likizama yuko hapa. Ananusa pengo kama nyinyi mnavyonusa pilau."

Mahfoudh alikuwa ameshafika. Aliweka baskeli yake, akalitazama rundo la mawe, akatazama jua, akahesabu kimya kimya. Kazi ya saa tatu, akasema, kwa watu wasiojua kazi. Kutoka pale mpaka Chwaka zaidi ya saa moja na nusu. Alasiri ingeadhiniwa kabla ya saa kumi. Kisha akasema jambo ambalo sitalisahau, kwa kuwa alikuwa akinipa kila nilichokitaka:

"Nyinyi nendeni. Mimi ntajenga. Mwenye maneno ni wewe, yakhe."

Na ilikuwa kweli. Mahfoudh na maneno ni paka na maji. Nassra anajua kusema, lakini hajui nani alisaini nini mwaka gani. Mambo hayo yote yako kwangu. Nilisimama pale, baskeli yangu chini. Nikibaki, njia itatetewa na mtu anayejibu kwa nyusi na mwanamke ambaye mpima atamuuliza kwanza mume wake yuko wapi. Nikienda, nimembomolea mzee ukuta kisha nikamwachia rafiki yangu aujenge, halafu nikasimame barazani niseme habari za wanaowavamia wanyonge kwenye ardhi zao. Nadhani ningekwenda. Miguu yangu ilikuwa imeshageuka.

Bi Mwanakheir alikuwa ameokota jiwe, analigeuza geuza.

"Huyu bwana hataweza," alisema, akimaanisha Mahfoudh. "Jiwe la bigili lina mahali pake, halikai popote. Aliyelitoa ndiye anayekumbuka kalitoa wapi."

Nikaiinua baskeli yangu, nikaiegemeza kwenye mti.

Bi Mwanakheir aliwaonyesha wenzangu njia. Ilikuwapo, na hiyo ndiyo iliyonichoma: hatua thelathini kushoto, njia ilikuwa imepinda, imezunguka konde yake kwa utaratibu, nyasi zimelala, ikarudi mahali pake upande wa pili. Ningelitazama kushoto ningeliiona. Nassra aliniambia watajitahidi. Mahfoudh aliniachia pampu yake. Mlio wa minyororo yao ulikwenda ukipungua, kisha ukawa hausikiki, ikabaki kazi.

Ni kazi ya polepole. Mawe mapana chini, yanayolala. Membamba yanaingia mdomoni mwa mapana. Kila moja unalitikisa, likicheza unalitoa. Nilikosea sana. Kila nilipokosea Bi Mwanakheir alilitoa jiwe langu na kuliweka pembeni, kama mtu anayetoa unywele kwenye chakula. Vidole viliniuma, kisha vikazoea. Upepo wa ghuba ulikuwa ukipita juu ya mihogo. Saa nane, aliniuliza nilikuwa nakwenda kusema nini huko Chwaka.

Nikamwambia. Nilimtolea yote, kuanzia babu na karafuu, wachuuzi kumi na wawili, njia iliyonyooka tangu Jozani mpaka pwani ambayo baba yangu na wenzake waliipita kwa haki yao bila kumwomba mtu, mpaka mawe mekundu na barua nne. Nilisema vizuri. Nilisema huku natia mawe, na pahala pa kupandisha sauti nilipandisha.

Aliningoja nimalize.

"Baba yako alikuwa yupi?"

Nikamtajia, na baskeli yake, na kwamba alipenda kuuza pono.

"Nnamkumbuka. Mguu mmoja mfupi." Alitia kijiwe kwenye ufa, akakigonga kwa kisigino cha jembe. "Lakini hakupita bila kuomba, mwanangu. Hakuna aliyepita bila kuomba. Maweni konde zinahama. Mwaka huu mtu kalima hapa, baada ya miaka mitatu mashimo yamechoka, anahamia kule. Wachuuzi walikuwa wakifika ukingoni wanapiga kengele, wanauliza, mwaka huu tunapita wapi? Wanaonyeshwa. Baba yako alikuwa akiniachia samaki mmoja, mdogo. Hakuwa mkarimu sana."

Nilicheka, kwa kuwa ni kweli hakuwa mkarimu sana. Halafu nikaokota jiwe jingine. Miaka kumi na miwili nimekuwa nikitetea njia iliyonyooka. Nilikuwa nimeiandika hivyo katika barua zote nne, imenyooka, nikaipigia mstari.

Adhana haifiki kule. Bi Mwanakheir alitazama kivuli cha jembe lake, akasema wakati umeingia. Tulisali, yeye nyuma kwenye kivuli cha mihogo, mimi kwenye jiwe lililo bapa. Nilipotoa salamu nilijua kuwa Chwaka mambo yameshakwisha, kwa heri au kwa shari, bila mimi. Nilingoja hasira ije. Haikuja, au ilikuja ikakuta mikono ina kazi. Tulirudi kwenye pengo, tukaweka safu ya mwisho, akaniachia nipange miba mwenyewe. Aliipitia bigili yote kwa kiganja, akatikisa pahala pamoja pa kwangu. Pakacheza kidogo.

"Itafaa," akasema. "Leo nalala dunguni nilinde nguruwe, nitakaa karibu na hapo pako."

Nilifika Chwaka jua lingali juu ya minazi. Mahfoudh na Nassra walikuwa dukani karibu na nyumba ya sheha, miguu imechanwa na miba mpaka magotini, wanakula mandazi. Nassra alinihadithia, na kwa mara ya kwanza alihadithia taratibu. Walifika mpima akiwa ameshavaa kofia yake. Alizitazama baskeli, akazitazama tairi, akakubali kuwa wamepita. Akatandika ramani na kuchukua rula. Akaweka nukta Jozani, akaweka nukta pwani, akavuta mstari.

"Ukapita katikati ya konde ya yule bibi," Nassra alisema. "Katikati kabisa. Nikamwambia hapo pana konde, njia inazunguka. Akasema njia ya kisheria haikati kona kwa ajili ya mihogo. Ama niandike imenyooka, au nisiandike. Chagueni, nifunge."

Nilimuuliza wakachagua nini. Alimtazama kaka yake, nami nikamtazama. Mahfoudh alimaliza andazi lake kwanza.

"Nilimwambia, njoo uitembee," akasema.

Hayo tu. Watu waliokuwapo barazani walicheka, Nassra alisema, kisha mmoja akarudia, naam, aje aitembee, kisha wengine, mpaka mpima akaona kuwa akikataa ataonekana mtu anayeogopa miba. Akaandika pembeni mwa ramani: itakaguliwa kwa miguu, Jumanne, kabla ya kufungwa. Akaandika na jina la mtu wa kwanza atakayekaguliwa shamba lake kando ya njia. Mwanakheir, mwenye konde.

Niliinama nikafunga kamba za viatu ambazo hazikuwa zimefunguka. Ningelikuwapo mimi pale barazani, na rula ile, na kalamu ile imeinuliwa, ningelikubali. Mstari ulionyooka ndio nilioudai miaka yote. Ningeupigia makofi mimi wa kwanza, nikarudi mjini na ushindi wangu, na bibi yule angeamka siku moja akute mawe mekundu mihogoni mwake, yaliyoletwa na mimi.

Nassra aliuliza kama nitakula. Nikasema nitakula baadaye. Simu haishiki kule kondeni, na Jumanne si mbali. Mtu aliyekwisha kubomolewa ukuta na mgeni mmoja hafai kushtukizwa na wageni wengine wenye ramani. Ilikuwa lazima aambiwe leo, tena na mimi, niondoke kungali na mwanga.

Mahfoudh alikuwa ameshaigeuza baskeli yangu, anaminya tairi la nyuma. Nilimuuliza mpima atakuja na watu wangapi. Akafikiri, akanyoosha vidole vinne.

"Wanne," nikasema, nikapanda. "Bi Mwanakheir atataka kujua, awapikie au asiwapikie."